Mtoto wa Uzi Mwekundu

2 Machi

Kaka kasema niandike kila kitu: tarehe, nani kasema nini, karatasi gani imetoka wapi. "Siku ya kuhojiwa watakuuliza mpaka rangi ya kikombe," kaniambia kwenye simu. Yeye ni dereva wa malori, na vizuizi vya barabarani vimemfundisha kuogopa kila mtu mwenye muhuri. Haya, naandika.

Mvua imeanza leo. Na leo ndiyo nimeiona barua ya Ofisi ya Ukaazi, ambayo Mama ameipokea tangu wiki iliyopita na kukaa nayo kimya. Nimeikuta juu ya kopo la sukari.

"Mama, hii nini?"

"Kifuniko."

"Mama!"

"Sisimizi walikuwa wanaingia."

Barua inasema hivi. Kila aliyezaliwa nje ya nchi athibitishe kwamba aliingia na mzazi wake kabla mpaka haujafungwa, zamani zile za vita. Alete karatasi, na karatasi zake zisigombane. Mama ahojiwe tarehe 19 Mei. Asiyethibitisha anapelekwa Kituoni, kule nyuma ya vilima, na kutoka hapo anarudishwa kwao.

Kwao wapi? Mama aliletwa hapa na Bibi akiwa na miaka sita. Hakumbuki hata mlango wa nyumba waliyotoka. Mimi na Kaka tumezaliwa hapa, baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa hapahapa, kwa hiyo sisi hatuguswi. Anayeguswa ni Mama peke yake, mtu ambaye akienda tu kliniki anarudi akilalamika kwamba mji umekuwa mkubwa mno.

Naogopa. Nimeliandika ili nisilazimike kulisema.

3 Machi

Mvua. Kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yamerudi hayajakauka, msimamizi kafoka kutwa.

7 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda Nyumba ya Kumbukumbu. Ni jengo refu lenye harufu ya viatu vilivyolowa. Watu wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja kakumbatia bahasha yake kama mtoto mchanga.

Karani ni bwana mwembamba, miwani yake imefungwa plasta katikati. Nimeshamwita Miwani, sijui jina lake na sikuuliza. Akanieleza utaratibu wao: hapo wanatafuta kwa jina. Ukiomba karatasi moja, utapewa hiyo moja. Ukiomba vyote, wanakusanya kila mahali jina lile lilipoandikwa, wanatoa nakala mbili, moja yako, moja ya Ofisi.

"Wengi wanachukua karatasi ya kuingia tu," akasema. "Inatosha."

"Mimi si wengi. Nipe vyote. Nikienda pale nataka niwajaze meza!"

Akaniangalia kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Halafu akapiga muhuri.

Nimerudi nyumbani najisikia shujaa. Mama alikuwa anakunja nguo. Nilipomweleza aliacha mikono yake juu ya shati la mjukuu wa jirani, hakulikunja wala kulikunjua.

"Vyote?"

"Vyote, Mama. Hawatakuwa na pa kushika."

"Ungeniuliza kwanza, we Kiherehere."

Hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipokuwa mdogo, na kwa kawaida hulisema akicheka. Leo hakucheka. Jioni hakula.

8 Machi

Hakula tena. Anasema ni jino.

12 Machi

Kila mwaka mvua zikianza, Mama huenda makaburini kupalilia kaburi dogo la mtoto wa jirani wa zamani. Tangu tukiwa wadogo tunajua hivyo: Mama kenda kumpalilia mtoto wa jirani. Mwaka huu magoti yamemgomea, kwa hiyo nimemsindikiza. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu utotoni.

Kaburi lenyewe ni dogo, mtu mzima halimtoshi. Halina jina, kuna kijiti cha chuma tu chenye namba. Mama alipiga magoti kwenye matope na lile goti bovu, akang'oa majani kwa vidole, na mimi nikafuta kijiti kwa upindo wa gauni langu mpaka namba ikaonekana. Halafu Mama akatoa kitu mfukoni akakifunga kwenye kijiti, chini kabisa, karibu na udongo.

Uzi. Uzi mwekundu.

Inabidi nieleze, maana siku moja nitasahau kwa nini nilishtuka. Bibi alikuwa dobi. Alikuja nchi hii hana kitu ila mikono, akawa anafua nguo za watu mtaani, na kama madobi wote wa wakati ule aliweka alama ya uzi kwenye upindo ili nguo zisichanganyike. Kila nyumba na rangi yake. Na sisi wenyewe tulikuwa na zetu. Bibi bluu, Mama mwekundu. Watoto tulichukua rangi ya mama yetu na mafundo: Kaka ni wa kwanza, fundo moja, mimi mafundo mawili. Mpaka leo sina nguo isiyo na uzi mwekundu ndani ya upindo. Kazini wananicheka, wanasema ninaogopa kujipoteza mwenyewe.

Sasa mtoto wa jirani anavaa rangi ya Mama kwa sababu gani?

"Mama, mbona mwekundu?"

"Uzi ni uzi."

"Lakini huo ni wako."

"Nimekwambia uzi ni uzi. Nishike mkono, natoka."

Mvua ilitukuta kwenye kituo cha basi, akasimama nje ya paa.

20 Machi

Imepatikana! Karatasi ya kuingia! Miwani kanitolea mwenyewe. Jina la Bibi, na chini yake: mtoto wa kike mmoja, miaka sita, na jina la Mama limeandikwa vizuri kabisa. Tarehe ni kabla ya mpaka kufungwa, tena mbali kabla. Nilicheza pale mbele ya kaunta, mzee mmoja akanipigia makofi.

"Zilizobaki zinatolewa stoo ya chini," Miwani akasema. "Maji yameingia huko, itachukua muda."

Zilizobaki shauri yao. Nimemletea Mama karatasi nikamwambia aibusu. Akaisoma taratibu, akapitisha kidole juu ya lile jina.

"Miaka sita," akasema. "Alikuwa mrefu kuliko miaka yake."

Nikacheka, nikamuuliza siku hizi anajisemea kama mtu mwingine kwa nini. Akainuka kwenda kufunga madirisha. Yalikuwa yamefungwa.

29 Machi

Wamemchukua fundi saa.

Ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Hodari kuliko sisi wote, alikuwa na karatasi zake zote tangu Januari, kazipanga kwenye faili lenye vitufe. Alitusimanga sisi tuliochelewa. Leo mchana lori la Ofisi likasimama, wakashuka watu wawili wapole, wamevaa makoti ya mvua, wakabisha hodi kama wageni. Nilikuwa nimerudi mapema, umeme ulikatika kazini. Nilisimama dirishani na Mama yuko nyuma yangu, kanishika kiuno.

Hakupigana. Aliuliza kama anaweza kumaliza saa aliyokuwa anaifungua, kwa sababu ni ya mwalimu na mwalimu ataijia kesho. Wakamkubalia. Fikiria! Wakasimama pale kibarazani wakingoja, mmoja akapangusa viatu, na fundi akarudisha kila kidude mahali pake, akaijaza ufunguo, akaisikiliza sikioni, akampa mkewe. Ndipo akapanda.

Jioni nimekwenda kukaa na mkewe. Saa zote zilikuwa zinagonga ukutani na yeye hakutaka tuzizime. Anasema karatasi mbili ziligombana. Moja inasema mumewe aliingia na baba yake, nyingine inasema baba yake alikuwa ameshakufa mwaka ule.

"Walikwenda mpaka makaburini, dada," akaniambia. "Wana watu wa kukagua makaburi. Wanasoma namba."

Nimerudi nyumbani. Mama alikuwa bado amesimama pale dirishani nilipomwacha.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua. Dari ya jikoni inavuja, tumeweka beseni. Kila tone linanishtua.

6 Aprili

Kila gari likipunguza mwendo mtaani, mimi na Mama tunanyamaza pamoja. Hatujaambiana tufanye hivyo.

14 Aprili

Miwani alinipigia simu kazini. Hakutaka kusema kitu, "njoo tu, dada." Nikaenda na aproni yangu. Hakunikaribisha kaunta, alinipeleka pembeni karibu na ngazi, akanipa karatasi moja ambayo maji yameila kona.

Ni karatasi ya maziko. Jina ni la Mama. Jina la mzazi ni la Bibi. Mtoto wa kike, miaka sita, homa. Tarehe yake ni masika ya kwanza baada ya wao kuingia. Na namba ya kaburi ni ile niliyoifuta matope mwenyewe kwa upindo wa gauni langu.

Nilisema ni makosa. Nikasema watu wa zamani walikuwa hawajui kuandika. Nikasema labda Bibi alikuwa na watoto wawili wenye jina moja, nikajisikia jinsi ninavyosikika. Miwani aliniacha nimalize yote.

"Nakala ya Ofisi iko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mfuko wa barua. Unaondoka mwisho wa mwezi."

"Itoe."

"Imeshaandikishwa."

"Kaka yangu, nakuomba. Itoe. Sema maji yameila."

Akavua miwani, nikaona macho yake, mekundu, ya mtu asiyelala. "Dada, nina watoto. Na nilikwambia. Sikukwambia? Nilikwambia wengi wanachukua ya kuingia tu."

Kweli aliniambia. Mimi ndiye niliyetaka kujaza meza. Mimi na mdomo wangu.

Nilitembea mpaka nyumbani. Mama aliniona mlangoni, akaona karatasi, akavuta kiti akakaa kabla sijasema neno. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu hakurudia.

"Tulikuwa watoto wawili kwenye ile safari. Huyo wa kaburini na mimi. Mimi nilikuwa na mama yangu. Mama yangu aliumwa njiani, akalala kwenye nyasi asiamke, na Bibi yako akanishika mkono. Basi. Hakuniuliza wa wapi. Mpakani tulifika kumekucha, watu wengi, walimwandika yeye na mwanawe, mimi nilipita chini ya mzigo wa nguo. Hakuna aliyenihesabu.

"Tukakaa chumba kimoja. Bibi akaanza kufua. Alinishonea uzi wangu, wa kijani. Mwenzangu mwekundu, mimi kijani. Tulilala kitanda kimoja. Alikuwa ananisukuma. Halafu mvua zikaja, akashikwa na homa, siku chache tu. Tulipotoka kumzika, Bibi hakurudi kwenye kile chumba. Tulihamia mtaa mwingine siku ileile, pale hatujulikani. Akanikalisha kitandani, akachukua nguo zangu moja moja, akaufumua uzi wa kijani, akashona mwekundu. Akaniambia, karatasi ni ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni wewe. Usiseme hata ukipigwa.

"Sijasema. Baba yenu amekufa hajui."

"Na jina lako wewe?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. "Bibi hakuniita jina lolote tena, lile wala hili. Aliniita mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kwenda pale kaburini, kwa nini asiliache lipotelee kwenye majani. Akasema mwanzoni alikwenda kwa woga. Kila mvua zikianza aliota maji yamemfukua mwenzake na watu wamesimama wanamwangalia, kwa hiyo alikwenda kuhakikisha kwamba bado yuko chini. "Sikumbuki lini woga ulitoka. Siku hizi naenda kumsalimia. Namwambia habari zenu."

Mama aliinuka akamwaga beseni la jikoni, akalirudisha.

15 Aprili

Nilimtazama akinywa chai. Yuleyule. Nilikuwa natafuta nini sijui.

22 Aprili

Kaka amefika na lori lake. Nilikuwa nimemweleza nusu kwenye simu, nusu iliyobaki nikamweleza leo ndani ya lori, milango imefungwa.

Kwanza alikasirika, akamkasirikia Bibi ambaye hayupo, halafu akanikasirikia mimi. "Vyote! Wewe nani alikutuma vyote?" Nilimwachia, ana haki. Halafu akashusha kichwa kwenye usukani. "Kwa hiyo sisi ni nani?" Nikamwambia afute pua.

Akapata wazo. Kaka akiogopa hupata mawazo. Karatasi bila kaburi ni karatasi tu, akasema. Wakienda kukagua wasikute namba, tutasema karani wa zamani alikosea, hakuna aliyezikwa. Wakiikuta namba, Mama amekwisha. Nilijua si sawa. Naandika hapa wazi kwamba nilijua. Lakini nilimfikiria Mama akimaliza kukunja nguo huku watu wapole wakimngoja kibarazani, nikasema twende.

Tulikwenda alasiri, mvua inapiga kiasi kwamba mlinzi hakutoka kibandani kwake. Kijiti kilikuwa kimezama ndani kuliko nilivyodhani. Kaka alikitikisa kama jino. Kilipotoka, shimo likajaa maji papo hapo, na Kaka akasawazisha udongo kwa kiatu. Kwa kiatu! Nilimwambia atumie mkono. Akainama, akatumia mkono.

Tulikileta nyumbani chini ya koti. Tulidhani Mama kalala.

Alikuwa mlangoni. Aliangalia matope kwenye magoti yetu, akanyoosha mkono, na Kaka, mwanaume mwenye mvi, akakitoa kile kijiti akampa kama mtoto aliyeiba. Uzi mwekundu ulikuwa bado umening'inia.

Sijawahi kumsikia Mama akipiga kelele. Leo nimesikia.

"Nimemchukulia jina! Nimemchukulia mama! Nimevaa nguo zake mpaka zikanibana! Kitu alichobaki nacho ni hiki, na nyinyi mnakuja kumnyang'anya hata hiki?"

"Mama, watakuchukua," Kaka akasema. Alikuwa analia waziwazi.

"Na wanichukue! Kirudisheni."

Tukarudi, mvua ileile. Kaka alikigonga kwa jiwe mpaka kikasimama sawasawa, halafu akabaki amechuchumaa akiondoa majani madogo yaliyoota tangu Machi. Mimi nilishika mwavuli juu ya kaburi, si juu yetu.

30 Aprili

Mfuko wa mwisho wa mwezi umeondoka.

4 Mei

Kazini wamejua, sijui kwa njia gani. Yule ninayeingiza naye mashuka kwenye mashine ya kunyoosha, miaka yote hiyo yeye upande huu mimi upande ule, leo kaomba kubadilishwa. Hakunitazama.

9 Mei

Mvua. Lori limepita, halikusimama.

10 Mei

Lori limesimama. Lilikuwa la mkaa.

16 Mei

Kaka anamfundisha Mama cha kusema. Anajifanya afisa, kavaa koti langu, kakaa nyuma ya meza ya chakula.

"Mama, huyu aliyezikwa ni nani?"

"Nani kakuruhusu kuvaa koti la mwanamke ofisini?"

"Mama, tafadhali. Useme hujui. Useme ni makosa ya karani. Useme hivyo tu, basi."

"Haya. Sijui. Makosa ya karani."

Analisema vizuri, bila kupepesa. Tulicheka kidogo kwa ajili ya koti. Nimeanza kupata tumaini, na hilo linanitisha kuliko lori.

19 Mei

Tumerudi. Nitaandika yote.

Afisa ni msichana, angeweza kuwa mwanangu. Ana mafua, kila saa anaomba radhi na kujipangusa pua. Chumba kina viti vitatu na feni isiyozunguka. Mama alivaa gauni lake la bluu la kwendea misibani. Mimi nilikaa upande, Kaka hakuruhusiwa kuingia.

Karatasi ya kuingia ilikuwa mezani, na ile ya maziko kando yake, nakala safi kuliko yangu. Pembeni kuna picha. Picha ya kaburi. Walikuwa wamekwenda. Kijiti kimesimama wima, namba inasomeka, na chini kabisa, ukijua pa kutazama, uzi.

Afisa aliuliza taratibu, kwa heshima. "Mama, shikamoo. Jina hili ni lako?"

"Marahaba. Nimelitumia."

"Na huyu aliyezikwa hapa, mwenye jina hilihili, ni nani?"

Nilijua jibu. Niliusikia mdomo wangu mwenyewe ukilisema kimyakimya: sijui, makosa ya karani. Mama aliinua ile picha akaiweka karibu na macho. Nikamwona akiuona ule uzi.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Karatasi hii ni yake. Mimi niliingia chini ya nguo."

Nikaruka. Nikasema Mama amezeeka, Mama hajala, Mama ana homa. Afisa akanyanyua kalamu kunisimamisha. Mama akaniwekea mkono juu ya goti.

"Mama, unaelewa unachokisema?" afisa akauliza. "Ukisema hujui, nitaandika hujui. Mimi naandika ninachoambiwa."

Huo ulikuwa mlango. Yule msichana alimfungulia Mama mlango kabisa, nimeuona kwa macho yangu. Nikabana vidole vya Mama.

"Naelewa, mwanangu. Nikisema simjui nitakuwa nimemzika mara ya pili. Ya kwanza nilikuwa mdogo, niliamriwa."

Afisa akaandika. Aliandika kwa muda, akapiga chafya, akaomba radhi. Akasema tuende nyumbani, tutaletewa majibu. Hakututazama tulipotoka.

Nje Kaka alitusoma nyuso. Mama akasema ana njaa. Alikula sahani nzima.

23 Mei

Mvua zinapungua. Nimemkasirikia Mama siku nne, leo nimechoka.

28 Mei

Majibu yameletwa. Mama aripoti Kituoni keshokutwa asubuhi. Kuna nafasi ya kukata rufaa kwa kuwa amejieleza mwenyewe kwa hiari, yameandikwa hayo chini, kwa mkono, mwandiko mdogo. Rufaa inaweza kuchukua mwaka. Kaka amesema atampeleka kwa lori lake mwenyewe, hapandi la kwao. Ndicho kitu pekee tulichobaki nacho cha kuamua.

Nimemuuliza Mama kama anaogopa.

"Sana," akasema. "Lakini woga huu ni wangu. Ule mwingine nilikuwa nimeazima."

29 Mei

Mke wa fundi saa amekuja kumuaga Mama na kutupa maarifa. Amekwishakwenda kule kumwona mumewe. Anasema Kituoni nguo za wote zinafuliwa pamoja kwenye mapipa na kurudishwa kwa fujo, mumewe anavaa suruali ya mtu mfupi. Kila kitu kiwe na alama.

Zina alama, nikamwambia. Hatujawahi kutoka na nguo isiyo na alama kwenye nyumba hii.

Alipoondoka nikazitoa nguo za Mama kabatini, nikaanza kukagua upindo mmoja mmoja. Mahali pengi uzi umechakaa kwa kufuliwa. Nikaleta sindano, nikavuta uzi mwekundu, nikauma ncha.

"Siyo huo," Mama akasema.

Alikuwa amekaa kitandani, miguu haigusi chini.

"Fumua huo. Huo ni wa mwenzangu, nitamwachia nyumbani. Utampelekea wewe, mvua zikianza. Mimi nishonee wangu."

Sikuwa na uzi wa kijani. Kwenye nyumba nzima hakukuwa hata na kipande, Bibi hakuwahi kuuweka tena. Nimekwenda kuuomba kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, nikarudi nao mkononi nikikimbia kama natoroka nao.

Tumeshona kutwa. Nilifumua, Mama akaokota nyuzi nyekundu akazizungusha kwenye kidole. Gauni la misibani, magauni mawili ya nyumbani, sweta, shuka. Kila nilipomaliza moja aliichukua, akaigeuza upindo, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akaikunja.

30 Mei

Wameondoka. Kaka alisimamisha lori pembeni akamshusha Mama ili aniage mara ya pili. Akanishika shavu. "Kula, we Kiherehere," akasema, na safari hii alicheka.

Jua limetoka, mtaa umekauka kabisa. Nimemwaga beseni la jikoni nikalianika. Halafu nimekaa kwenye kitanda chake na kile kipande cha uzi kilichobaki, nimevua gauni nililolivaa, nimegeuza upindo, nimefumua mwekundu.

Wa kijani, mafundo mawili.